Noti za mapinduzi ya Meksiko: weka pasi chini, na muhuri usiufute

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Mjomba wangu aliishi Houston miaka mingi, na mwisho wa wiki alikuwa hakosi kwenye minada ya vitu vikuukuu. Amefariki, na katika vitu vyake vilivyoletwa nyumbani kuna bahasha yenye noti 27 za Meksiko, zote za kati ya 1913 na 1916. Chache zimechapwa vizuri kama noti za benki, nyingine zinafanana na kadi za mchango wa harusi. Karibu kila moja ina jina la mahali tofauti. Kwa nini nchi moja iwe na noti za namna nyingi hivi? Nitajuaje ya kweli na ya bandia? Zina bei? Baadhi zimegongwa mihuri ya zambarau inayoharibu picha, je, inafutika? Rafiki yangu ananiambia nizipige pasi zinyooke. Nimeanza kuzipenda na nafikiria kuendelea kukusanya. Nakutumia picha ya mbili kati ya hizo."

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na lile linaloweza kukutia hasara leo jioni: weka pasi chini. Pasi hainyooshi noti, inaiua. Nyuzi za karatasi zilizovunjika kwenye mkunjo miaka mia moja iliyopita hazirudi. Unachofanya ni kuzibana mpaka zing'ae, na mnunuzi mwenye jicho ataliona hilo kabla hajakaa kitini. Maji, sabuni, limau, kifutio cha penseli na selotepu ni ndugu zake pasi. Nasema kwa uchungu. Noti yangu ya kwanza ya kale ilikuwa rupia moja ya Tabora, ya mwaka 1915, yenye saini za wino. Niliitia kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ili itakate, nikakaa kuitazama. Saini zikaanza kutembea. Zilitoka kwenye karatasi taratibu kama moshi wa udi, na baada ya dakika tano nikabaki na karatasi safi isiyo na mtu aliyeahidi kuilipa. Bado ninayo. Huwaonyesha watu wakiniuliza habari za pasi.

Mihuri ya zambarau nayo usiiguse. Nitaifikia mbele, maana katika bahasha yako mihuri ina maneno mengi kuliko picha.

Sasa swali la kwanza. Sisi huku tukisikia noti za dharura tunawaza Tabora, na mfano huo utakupoteza njia usipoangalia. Wajerumani walipofungiwa bahari na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, noti mpya hazikuweza kuja kutoka Ulaya. Kuanzia 1915 ile benki yao ya Afrika Mashariki ikaanza kuchapisha noti za muda hapa hapa, na mwaka 1917, wakiwa wanarudi nyuma porini, walifikia kugonga noti kwa herufi za mpira. Lakini yote hayo yalikuwa kazi ya serikali moja na benki moja. Kilichopungua ni karatasi. Meksiko karatasi ilikuwapo tele. Kilichozidi ni serikali.

Kwanza elewa kwamba hata kabla ya vita Wameksiko walishazoea noti za kimikoa. Chini ya Porfirio Díaz, rais aliyetawala miaka mingi, kulikuwa na benki zaidi ya ishirini zenye ruhusa ya kutoa noti: Banco de Sonora, Banco Minero kule Chihuahua, Banco Peninsular Mexicano kule Mérida, na nyingine kadha wa kadha. Nyingi zilichapiwa New York na American Bank Note Company, na ndiyo maana baadhi ya noti zako ni nzuri kama pambo. Peso mbili zilikuwa sawa na dola moja, na nyuma ya karatasi kulikuwa na fedha na dhahabu halisi. (Kwa njia, peso si ndugu ya pesa yetu. Pesa imetoka Bara Hindi, paisa; peso ni neno la Kihispania lenye maana ya uzito. Ila hela yetu ni Heller ya Wajerumani, huyo ni ndugu wa damu wa noti za Tabora.)

Mapinduzi yalianza Novemba 1910. Díaz aliondoka 1911, Madero akashika nchi, na Februari 1913 jenerali wake mwenyewe, Huerta, akampindua. Madero akauawa tarehe 22 mwezi huo. Hapo ndipo hadithi ya bahasha yako inapoanza. Aliyekuwa na sarafu ya fedha aliifukia chini ya sakafu. Benki zikakauka. Na huko kaskazini watu waliokuwa wakikusanya majeshi kumpiga Huerta walikuwa na farasi, bunduki na askari wanaotaka mshahara, lakini hawakuwa na benki.

Venustiano Carranza, gavana wa Coahuila, alitangaza kutomtambua Huerta mwishoni mwa Machi 1913. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Aprili, akiwa Monclova, alitoa amri ya kuchapisha noti za peso milioni 5. Hakuwa na dhahabu wala fedha ya kuziunga mkono. Alikuwa na ahadi kwamba tukishinda, nchi italipa, na amri kwamba kila mtu lazima azipokee. Noti hizo wakusanyaji wanaziita tu "za Monclova". Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Sonora ikachapisha zake, Sinaloa zake, Durango zake. Makamanda wa brigedi wakachapisha zao. Miji midogo, migodi, mashamba makubwa na hata wenye maduka walitoa vikaratasi vya senti 5, 10 na 20, vingi kwenye kadibodi, kwa sababu chenji ilikuwa imepotea kabisa. Zile ulizozifananisha na kadi za mchango ndizo hizo. Usizidharau, nitakwambia kwa nini.

Watu waliziita bilimbiques. Inasimuliwa kwamba neno hilo lilizaliwa kwenye mgodi wa Cananea, Sonora, ambako mlipaji mishahara alikuwa Mmarekani aitwaye William Weeks. Vibarua walipotamka jina lake likatoka hivyo, likabaki kuwa jina la kila karatasi ya kutilia shaka. Siwezi kukuapia kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, lakini kila Mmeksiko mkusanyaji atakusimulia hivyo kabla chai haijapoa.

Ya Pancho Villa, mmoja wa majenerali wa kaskazini waliompiga Huerta, ndiyo maarufu kuliko zote, na kwa bahati moja ya picha ulizonitumia ni yake. Villa alishika ugavana wa Chihuahua Desemba 1913. Inasimuliwa kwamba alimbana mtoto wa ukoo wa Terrazas, matajiri wa jimbo lile, mpaka akaonyesha dhahabu iliyokuwa imefichwa ndani ya nguzo ya Banco Minero. Lakini dhahabu ya nguzo moja hailishi jeshi. Akachapisha noti zake. Za kwanza zilikuwa kubwa na nyeupe, hazina urembo, na watu wakaziita sábanas, yaani mashuka. Zikafuata zenye picha mbili za duara: Madero, na Abraham González, gavana wa Chihuahua aliyeuawa Machi 1913. Hizi wakaziita dos caritas, nyuso mbili ndogo. Tazama alichofanya mtu yule: badala ya kuweka sura yake, aliweka sura za marehemu wawili ambao kila askari wake alikuwa anapigana kwa ajili yao. Siku hizo hakukuwa na picha ya Villa mwenyewe kwenye noti hizo, kwa hiyo ukiuziwa "noti ya Villa" yenye sura yake, kofia na masharubu, jua ni ya watalii.

Thamani ya noti hizi ilikwenda na farasi wa Villa. Alipokuwa anashinda, wafanyabiashara wa upande wa Marekani walizipokea bila manung'uniko makubwa. Aprili 1915 Obregón, jenerali wa Carranza ambaye sasa alikuwa adui wa Villa, alimvunja kule Celaya, na kuanzia hapo noti zikawa zinaporomoka, vita baada ya vita. Nimewahi kuwaza kwamba mtu angeweza kuandika habari za vita vile bila kutaja risasi hata moja, kwa kufuata tu bei ya nyuso mbili katika maduka ya kubadilishia fedha ya El Paso.

Na sasa mihuri. Huerta alipokimbia Julai 1914, washindi wakagawanyika. Villa na Zapata, kiongozi wa wakulima wa kusini, wakawa upande wa Konvensheni, ule mkutano mkuu wa makamanda, na tarehe 6 Desemba 1914 wakaingia Mexico City pamoja. Carranza akawa Veracruz, naye anachapisha noti zake kwa mamilioni. Kila jeshi lililoingia mji lilikuta watu wameshika pesa za jeshi lililotoka. Likafanya nini? Mara nyingine lilizifuta zote. Obregón alipoingia Mexico City mwishoni mwa Januari 1915, noti za Villa zikatangazwa kuwa si fedha. Fikiria mama aliyelipwa Jumamosi na noti zile, akaenda sokoni na karatasi ambayo muuza mahindi haruhusiwi kuigusa. Mji ule uliona njaa miezi ile, na mwezi Machi jeshi likatoka tena, Wazapata wakarudi, na mambo yakageuka upya.

Mara nyingine jeshi jipya halikuzifuta bali lilizikagua, zile zilizoonekana za kweli zikagongwa muhuri: resellado, revalidado, na maneno ya namna hiyo. Muhuri ndio uliokuwa unaifanya karatasi ya jana iwe pesa ya leo. Kwa hiyo wino unaouona kama uchafu ni kibali cha kuishi. Ukiufuta, umeifuta noti miezi sita ya maisha yake, na bei pia.

Kuhusu bandia. Hapa wageni wengi huanguka, kwa sababu wanadhani bandia ni kitu kimoja. Katika noti hizi ziko za aina tatu na kila moja ina hukumu yake.

Kuna bandia za wakati ule ule. Noti zilichapwa haraka, kwenye mashine za magazeti, kwa karatasi ya kawaida. Mwenye mashine nyingine alihitaji usiku mmoja tu. Za Monclova zilighushiwa mno, za Villa zilighushiwa hata upande wa Marekani. Bandia hizi zina umri sawa na za kweli, zilitembea katika mikono ile ile, zikanunua maharage yale yale. Wakusanyaji makini huzinunua, mradi ziitwe kwa jina lake, na mimi ninazo kadhaa ambazo sizibadilishi na za kweli. Usizitupe. Utazijua kwa kulinganisha tu: herufi nene kidogo, mstari wa pambo uliokatika, sura ya Madero iliyovimba kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki.

Kuna noti za kweli zilizotiwa vionjo baadaye. Noti ya kawaida isiyo na bei inagongwa muhuri mpya wa kamanda asiyejulikana sana, ghafla inakuwa "adimu". Au noti ya benki iliyobaki stoo bila kusainiwa (za Banco de Sonora za namna hii ziko nyingi) inapewa saini na kalamu ya mtu wa juzi. Hii ndiyo bandia inayonitisha, kwa sababu karatasi ni ya kweli kabisa. Niliwahi kuuziwa moja. Muuzaji alikuwa mpole, alinimiminia kahawa, na alikuwa na maelezo ya kila kitu. Nilipofika nyumbani nikachukua lenzi ya fundi saa, nikaona muhuri umepita juu ya mkunjo na wino umeingia ndani ya ufa wa mkunjo. Hebu fikiri: ikiwa noti iligongwa muhuri 1915 ikiwa bado haijakunjwa sana, wino utakuwa umevunjika pamoja na karatasi, ufa utakuwa mweupe. Wino ukiwa umejaa ndani ya ufa, mkunjo ulitangulia, muhuri ukafuata. Si ushahidi wa kumfunga mtu, kwa kuwa noti ziligongwa mihuri zikiwa zimechakaa pia, lakini wakati mkunjo ni wa miaka mia na wino unang'aa kama wa jana, rudisha kahawa.

Na kuna nakala za kisasa. Hizi ni rahisi. Nenda kwenye duka lolote la kubadilisha fedha ambako unafahamiana na mtu, omba akuwashie ile taa ya buluu wanayokagulia noti. Karatasi za siku hizi hutiwa kemikali za kuzifanya nyeupe, zilizoenea viwandani baada ya Vita vya Pili, na chini ya taa ile zitawaka buluu kama shati la harusi disko. Karatasi ya 1914 itabaki imefifia, rangi ya maziwa yaliyolala. Kisha ipapase. Noti za American Bank Note Company zilichapwa kwa sahani ya chuma iliyochongwa, wino umeinuka, kidole kinauona. Zile zilizochapwa kwa herufi za risasi mara nyingi zimeacha alama za kubonyea upande wa nyuma. Ziinamishe kwenye mwanga wa dirisha utaziona. Nakala ya kompyuta haina hiki wala kile. Ukiiweka chini ya lenzi utaona vitone vya rangi mbalimbali vilivyopangana kama dagaa.

Bei nitasema kwa ufupi kwa sababu najua ndiyo uliyoisubiri na ndiyo itakayokuvunja moyo. Nyingi za noti hizi ni rahisi mno. Nyuso mbili za Villa, noti za Carranza za Veracruz na Mexico City, za Monclova za thamani ndogo: ukizipata katika hali ya kawaida utalipa bei ya chakula cha mchana, si ya ng'ombe. Sababu yake inasikitisha kidogo. Zilichapwa kwa mamilioni, na nyingi hazikulipwa kamwe. Noti inayolipwa hurudi benki ikachomwa. Noti isiyolipwa hubaki sandukuni kwa bibi. Ndiyo maana katika fani hii, serikali iliyodhulumu watu zaidi ndiyo iliyoacha noti nyingi zaidi.

Zenye bei ni zile zisizovutia macho. Kikadibodi cha senti 10 cha mji ambao hauko kwenye ramani yako, hati ya brigedi iliyodumu majuma matatu, karatasi ya mgodi yenye saini ya mhasibu. Hizi zilichapwa chache, zikatupwa. Kwa hiyo rudi kwenye zile kadi zako za mchango, andika kila neno lililomo, hata lililofutika nusu. Na thamani kubwa za peso 50 na 100 mara nyingi ni adimu kuliko peso 1. Hali nayo ina uzito: noti ile ile isiyokunjwa inaweza kuuzwa mara kadhaa ya iliyochakaa. Lakini katika hivi vidogo vya vijijini usidai usafi, shukuru kwamba ipo.

Hebu nitoke nje ya njia kidogo, maana wewe uko Morogoro na mashamba ya mkonge unayaona. Katika bahasha yako kama kuna yoyote iliyoandikwa Comisión Reguladora del Mercado de Henequén, iweke kando. Hiyo ni ya Yucatán, rasi ya kusini mashariki, ambako vita vilifika kwa kuchelewa na utajiri wote ulikuwa henequen, ndugu wa mkonge wetu, aliyekuwa akitengenezewa kamba za kufungia ngano Marekani. Ile tume iliyosimamia mauzo ya zao hilo ilitoa noti zake yenyewe katika miaka ile, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho majenerali hawakuwa nacho: bidhaa inayouzwa kwa dola. Na mkonge wetu asili yake ni huko huko. Mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche mwaka 1893 kupitia Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, na kilimo cha mkonge hapa kwetu kilianza na hiyo. Jina sisal lenyewe ni la bandari ya Yucatán. Ningekuwa mimi, na ningeanza leo, ningekusanya Yucatán peke yake, nikaiweka noti ile pembeni ya kipande cha singa za Kimamba.

Hapo nimeshajibu swali lako la mwisho bila kukusudia. Ndiyo, endelea kukusanya, lakini usikusanye "Meksiko". Aina zilizoorodheshwa ni maelfu. Utamaliza mshahara na maisha. Chagua jimbo moja, au jeshi moja, au hata mwaka mmoja wa mji mmoja, kisha ulijue mpaka uweze kumweleza muuzaji kitu asichokijua. Oaxaca kwa mfano ilijitangazia mamlaka yake Juni 1915, ikachapisha noti na kupiga sarafu zake. Ni uwanja mdogo wenye mipaka, unaufikia mwisho. Wazapata wa Guerrero mimi huwashauri watu wawatazame kwenye sarafu kuliko noti: walikuwa na migodi, wakapiga sarafu za peso mbili za fedha iliyochanganyika na dhahabu kidogo, na hilo lilifanya wanakijiji wazikubali wakati karatasi za mjini zinakataliwa. Lakini sarafu ni mfuko mwingine, nao ni mzito.

Jifunze maneno ya Kihispania yasiyozidi hamsini. Estado ni jimbo, ejército jeshi, pagador ni mlipaji mishahara, tesorero mweka hazina, vale ni hati ya kulipwa, canje kubadilisha. Ukiyajua hayo, nusu ya noti itajisoma. Katalogi ya Pick, ile wanayoitumia wakusanyaji duniani kote, huziweka noti hizi kwenye juzuu ya noti maalumu, na namba zake zinaanza na herufi S. Muuzaji akikuandikia namba isiyo na S kwa noti ya brigedi, muulize maswali. Kuna pia chama cha wakusanyaji wa mambo ya Meksiko kilichoko Marekani, na Sociedad Numismática de México iliyoanzishwa 1952. Wanachama wao hujibu barua, na hujibu vizuri zaidi ukiwatumia picha za pande zote mbili. Wewe pia usinunue kamwe kwa picha ya upande mmoja. Mihuri hupenda kujificha nyuma.

Kuhifadhi: tumia mifuko ya plastiki ngumu ya poliesta, ile isiyonuka. Albamu za bei ndogo zenye harufu ya mabomba ya maji ni za PVC kweli, na baada ya miaka michache hutoa utomvu unaogandamana na wino. Morogoro ina nafuu kuliko sisi wa pwani, ila masika weka sanduku mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu. Usitie karafuu wala dawa ya nondo ndani kwa kudhani unafukuza wadudu. Mafuta na mvuke wake huingia kwenye karatasi. Shika noti kwa kingo, mikono mikavu. Zilizokunjana ziweke tu chini ya kitabu kizito kati ya karatasi mbili safi, miezi miwili au mitatu. Hiyo ndiyo pasi yake.

Ukikutana na noti ya toleo la Mei 1916 iliyochapwa kwa ustadi mkubwa, huyo ni infalsificable, "isiyoghushika". Carranza, baada ya kuchoshwa na bandia, aliagiza hizi New York kwa ile kampuni ya zamani, peso milioni 500, na kuahidi kila peso ingekuwa na senti 20 za dhahabu nyuma yake. Kweli hazikughushika. Lakini dhahabu haikuwapo, na watu hawakuhitaji mghushi kuzikataa. Mwisho wa Julai 1916 wafanyakazi wa Mexico City waligoma wote, taa zikazimika, wakidai mishahara kwa kipimo cha dhahabu. Carranza akajibu kwa kufufua sheria ya 1862 yenye adhabu ya kifo. Kabla ya mwaka kwisha noti zilikuwa karibu si kitu na serikali ikarudia sarafu za chuma. Katiba ya 1917 ikaamua noti zitolewe na benki moja tu, ingawa benki hiyo, Banco de México, ilifunguliwa 1925, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuitazama karatasi kwa jicho la pembeni.

Nimalizie na zile picha mbili. Nyuso mbili yako inaonekana ya kweli, ya kawaida, imetumika sana. Pembe ya chini imelika na mtu amehesabu kitu kwa penseli nyuma. Iache hesabu hiyo.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu huu. Ni ya serikali ya Carranza, na ule muhuri wa zambarau unaotaka kuufuta unasomeka, ukigeuza simu: REVALIDADO, kwa amri ya tarehe 17 Desemba 1914. Tarehe hiyo zilikuwa zimepita siku kumi na moja tu tangu Villa na Zapata waingie Mexico City pamoja, na Carranza alikuwa Veracruz akiwaita wahaini. Kwa hiyo noti imetolewa na upande mmoja, ikaombewa ruhusa ya kuishi kwa upande wa pili. Iinamishe dirishani asubuhi, jua likiwa chini, utazame kama wino umevunjika pamoja na ule mkunjo wa katikati au umeingia ndani yake, kisha unitumie picha ya nyuma.